Eda Mbili za Mume Mmoja

Mimi nimekaa eda mara mbili kwa mume mmoja. Nikiwaambia watu hivyo hucheka, wanadhani bibi kizee amechanganya hesabu. Sijachanganya. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na mimi nilikaa ya kwanza karibu yote, kisha nikaanza nyingine palepale, juu ya mkeka uleule, kwa mwanamume yuleyule. Bagamoyo nzima ilinisifu kwa hilo. Wangejua sababu, wasingenisifu.

Tulikuwa tunakaa Dunda, mimi na kaka yangu, kwa bibi aliyetulea. Wazazi wetu walikufa tungali wadogo. Bibi alikuwa mwoka mikate ya mofa, ile ya unga wa mtama inayobandikwa kwenye ukuta wa tanuri ya udongo, na uani kwetu kulikuwa na tanuri mbili. Waokaji wengine wote mjini walikuwa na moja moja. Kwa hiyo mtu akitaka kuelekezwa kwetu aliambiwa aende nyumba ya tanuri mbili, na hakuna aliyepotea. Mimi ndiye niliyekuwa naingiza mkono kubandika mikate, na makovu ya moto ninayo mpaka leo hapa chini ya kiwiko.

Kaka aliingia jeshini. Kabla hajapelekwa kusini alikuwa karibu na nyumbani, na jioni za Jumamosi alikwenda Kaole kucheza mpira. Miaka ile pwani yetu ilikuwa na wageni wengi kutoka Msumbiji, wakimbizi na wapigania uhuru. Walikuwa na kambi yao, wanasoma, wanafanya mazoezi, kisha siku moja wanapakiwa kwenye lori wanakwenda kupigana na Mreno. Huko uwanjani kaka alipata rafiki miongoni mwao, mwalimu wa hesabu aliyefunzwa pia kushika bunduki. Alikuwa mtu wa pwani ya kwao, Mwislamu kama sisi, na Kiswahili chake kilifanana na chetu lakini kilikwenda upande upande. Bibi alikuwa akimcheka mbele yake bila haya.

Siku ya kwanza kaka alipomleta nyumbani alikula mikate saba na supu ya pweza. Nilimwambia kaka, kwa sauti ya kusikika, kwamba ukombozi wa Msumbiji utatumalizia unga. Mgeni akanyanyua uso akacheka, hana hata chembe ya aibu. Mimi nikaingia ndani nimekasirika, na nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimempenda.

Alipoleta posa, bibi hakutaka. Alisema mtu mwenye vita kwao hana nyumba, na asiye na nyumba huolewi naye bali unaazimana naye. Kaka ndiye aliyesimama kidete. Kwa kuwa baba hayupo, yeye ndiye aliyekuwa walii wangu, na siku ya nikahi ndiye aliyemshika bwana harusi mkono na kutamka kwamba ameniozesha. Nilichungulia pembeni mwa pazia nikaiona ile mikono miwili imeshikana, ya vijana wawili waliovaa kanzu za kuazima. Nilifurahi mpaka nikajionea haya.

Tulikaa pamoja miezi saba. Mume wangu alinifundisha hesabu za kugawanya kwa mkaa, ukutani kwa tanuri ya pili, na nilipokosea alinifanya nirudie mpaka mikate ikaungua. Kisha lori likaja. Kaka alikwisha pelekwa mpakani, kwenye Mto Ruvuma, na mume wangu akapita huko huko kuvuka kwenda kwao. Walikutana. Waliniandikia barua moja kwa pamoja, nusu mwandiko wa huyu, nusu wa yule, wakinitania kwamba huko wanakula ugali wa muhogo na kuota mofa. Nilikuwa nikilala na barua ile chini ya mto.

Baada ya hapo sikupata barua nyingine. Walikuja watu wawili wa kambini asubuhi moja, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wameshika mkoba wake. Nilipoona ule mkoba nilijua. Walisema kikosi chao kilishambuliwa wakati wa kuvuka kijito, wenzake walimwona akianguka majini, na hakuna aliyeweza kurudi kumchukua. Walisema kwa uaminifu kabisa. Sijawahi kuwalaumu watu wale.

Ijumaa hiyo akasaliwa sala ya ghaibu, kwa kuwa maiti haikuwepo, na mimi nikaingia eda. Nilivaa nguo nyeupe, nikaacha wanja na manukato, sikutoka nje ya mlango, na hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kunisemesha isipokuwa maharimu wangu, wa damu nisioweza kuolewa nao. Mkunga alinipima akahakikisha sina mimba. Wanawake walimiminika. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ghafla wenye umri wa bibi yangu wananipisha mlangoni ndani ya nyumba yetu wenyewe, wanasema huyu ni mjane wa aliyekufa kwa ajili ya uhuru wa Waafrika. Nililia sana. Na niseme kweli, sifa zile nilizipenda pia kidogo, kwa sababu ndizo pekee zilizobaki za kwake.

Nilikuwa nikichora alama ya mkaa ukutani kila kulipokucha. Ilikuwa alama ya sabini na mbili.

Bibi alikuwa na redio aliyonunuliwa na kaka, na kila baada ya sala ya alasiri aliiweka mapajani akatafuta kisomo cha Kurani. Siku hiyo majirani walikuwa wamekwenda harusini, tuko wawili tu. Mimi nachambua mchele. Bibi akazungusha kile kidude, kikapita mahali ilipokuwa stesheni ya Mreno, ile iliyosema Kiswahili ili kuwashawishi wapiganaji waweke silaha chini. Mji mzima uliijua. Watu waliisikiliza kwa siri, wakakicheka Kiswahili chake. Bibi alikuwa anataka kuipita. Kisha mkono wake ukasimama.

Ilikuwa sauti ya mume wangu.

Alijiita jina lingine. Alisema ndugu zangu mlioko porini, mimi nilikuwa pamoja nanyi, nimepokewa vizuri, nakula, nalala, nimechoka na vita na ninyi mmechoka, tupeni bunduki mje. Alisema kwa utaratibu, hatua kwa hatua, vilevile alivyokuwa akinieleza kugawanya.

"Namsalimu wa nyumba ya tanuri mbili," alisema. "Asinikalie eda. Niko hai."

Ukaja muziki.

Linalonishangaza mpaka leo ni kwamba vidole vyangu viliendelea kuchambua mchele. Natoa kijiwe, naweka pembeni, natoa kingine. Sikupiga kelele, sikuanguka. Bibi alizima redio, akaifungua mgongo, akatoa betri zote na kuzifukia ndani ya pipa la unga wa mtama. Ndipo akanigeukia.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hukusikia," alisema. "Mimi ni kiziwi na wewe una msiba. Hakuna aliyesikia humu."

Furaha ndiyo iliyotangulia, sitadanganya. Yuko hai. Nilitaka kukimbia na nguo yangu nyeupe mpaka baharini. Furaha ile ilidumu labda muda wa kuchambua konzi moja ya mchele, kisha maana ya maneno yake ikaniingia polepole. Mume wangu alikuwa upande wa Mreno. Kaka yangu alikuwa upande huu wa mto na bunduki. Na hapo hasira ikapanda, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimtukana kimoyomoyo matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mwalimu mzima wa hesabu ametaja tanuri mbili hewani, hakuhesabu ni majirani wangapi wenye redio.

Labda walimtesa. Labda alichoka kweli. Nimefikiri yote hayo kwa zaidi ya miaka hamsini na sijapata jibu. Ninachojua ni kwamba alihatarisha roho zetu ili mimi nisimlilie, na hapo ndipo ninaposhindwa kumchukia.

Nilimwambia bibi kwamba lazima nitoke edani. Eda ya mtu aliye hai ni uongo mbele ya Mungu, kila siku ninayokaa namdhihaki. Bibi aliniuliza nitakapotoka nitawaambia nini watu. Nikisema yuko hai, wataniuliza nimejuaje. Nikisema nimejuaje, mimi ni mke wa msaliti, yeye ni bibi wa mke wa msaliti, na kaka yangu, aliyemwoza msaliti dada yake, yuko mpakani na sare ya serikali. Aliniuliza kama najua askari wa namna hiyo hufanywa nini. Sikujua. Yeye pia hakujua, na kutojua kulitutisha zaidi.

"Kaa," alisema. "Mungu nitamjibu mimi."

Nikakaa.

Siku ya tatu balozi wetu wa nyumba kumi alibisha hodi. Alikuwa mtu mpole, muuza mafuta ya taa, lakini daftari la serikali lilikuwa kwapani. Nilikuwa nyuma ya pazia nasikia kila neno. Alimwamkia bibi shikamoo, akauliza afya, akauliza bei ya mtama, kisha akasema kuna maneno mjini. Watu wamesikia redio fulani imetaja tanuri mbili. Angependa kuniuliza swali moja tu, ajue mume wangu yuko wapi.

"Marahaba, mwanangu," bibi alimjibu, kwa kuwa hakuwa ameiitikia ile shikamoo mpaka hapo. "Mjane yuko edani. Hasemeshwi na mwanamume asiye maharimu wake. Wewe ni Mwislamu, unajua. Akitoka, njoo umuulize."

Balozi akaona haya, akaomba radhi. Akauliza eda inaisha lini, akaandika.

Kuanzia hapo alama zangu za mkaa zilikuwa kitu kingine. Zamani nilihesabu nipate kumaliza, sasa nahesabu nikiomba zisiishe. Siku ya mwisho nitasimama mbele ya mtu huyu na nitakuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: niseme amekufa, niape uongo juu ya kifo cha mume wangu aliye hai, au niseme yu hai nimponze kaka yangu. Sikuwa na la tatu.

Wanawake waliendelea kuja. Mmoja, ambaye mwanawe alikuwa amefunga ndoa na binti wa wakimbizi akajiunga nao kwenda vitani, alipiga magoti mbele ya mkeka wangu akaniomba nimwombee dua mwanawe, eti dua ya mjane wa shahidi haikataliwi. Nilimwombea. Nikainua mikono, nikawaza huenda huko porini kijana huyo anaisikia sauti ya mume wangu na anaiamini. Yule mama alinibusu viganja. Nilitamani ardhi ya chumba kile inimeze.

Alama ya mia na kumi na tisa, kaka alikuja. Hakuwa ameandika kwamba anakuja. Aliingia adhuhuri kwa mlango wa uani, na yeye ni maharimu wangu, nikatoka kumlaki. Nilimwamkia nikanyoosha mkono. Hakunipa wake. Alikuwa ameutia mfukoni, wa kulia, akabaki nao humo. Nilidhani ameumia.

Alikuwa amekonda, amekuwa mtu mzima ghafla. Aliitazama nguo yangu nyeupe muda mrefu.

"Zimebaki siku ngapi?" aliniuliza.

"Tisa."

"Anza upya."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Nilishika ukuta wa tanuri, nao ulikuwa wa moto, wala sikuuhisi. Kumbe na wao huko mtoni walikuwa na redio. Kumbe kaka alijua tangu mwanzo, na amekaa na siri hiyo miongoni mwa askari wenzake kama mimi nilivyokaa nayo miongoni mwa wanawake.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Hesabu kuanzia Ijumaa iliyopita. Asubuhi."

"Umejuaje?"

"Nilikuwepo," alisema. "Nimemwosha na nimemsalia mwenyewe. Amelala panapostahili."

Nilikaa chini palepale kwenye majivu. Machozi yangu yote ya miezi ile nilikuwa nimeyamwaga kwa uongo, na sasa msiba wenyewe umefika sina hata moja. Nilimwangalia bibi. Yeye hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anauangalia ule mfuko wa suruali ya kaka. Kisha akaenda kuwasha tanuri ya pili, saa saba mchana, na hatukuwa na unga uliokandwa.

Kaka aliondoka kesho yake. Siku ya tisa wanawake walikuja kunitoa eda, na pilau, na khanga mpya, na udi. Somo yangu, mwanamke aliyenifunda, alikwisha changanya maji ya kunikogesha. Nilikaa kwenye mkeka nikawaambia sijamaliza. Wakahesabu kwa vidole, wakahesabu tena kwa sauti, wakasema nimemaliza. Nikasema nimeweka nadhiri ya kukaa nyingine, na mtu asiniulize. Kisha mmoja akaanza kulia, wakalia wote, na kufikia magharibi mji mzima unasimulia jinsi mjane wa tanuri mbili alivyompenda mumewe. Mpaka leo kuna mabinti wanaambiwa habari hiyo kabla ya kuolewa. Nikiwasikia natoka nje.

Eda ya pili niliikaa kwa haki yake. Machozi yalikuja mwezi wa pili, bila kuitwa, nikiwa nasuka mkeka. Bibi alizitoa betri kwenye unga akazipangusa, akaanza tena kutafuta kisomo, na alipopita kwenye stesheni ile mkono wake haukusimama tena. Balozi hakubisha hodi. Alisubiri, na nilijua anasubiri. Nilijifariji kwa neno moja la kaka, kwamba alikuwepo. Niliona picha yake amesimama mahali, wenzake wanafyatua, yeye anaona kisha anakwenda kumchukua shemeji yake. Picha hiyo ilinitosha. Niliitunza kwa miezi minne na siku kumi.

Siku ya kutoka kaka alipata ruhusa akaja. Alfajiri nilisikia ndoo kisimani. Alikuwa anateka maji ya kunikogesha, na pipa lilipojaa aliendelea, akajaza mitungi, akajaza sufuria, mpaka bibi akamwambia basi inatosha. Wanawake wakanikogesha, wakanivisha, wakanipaka wanja baada ya miezi minane. Walipokwisha kula na kuondoka, balozi akaja na daftari lake.

Nilitoka kumkabili uani, mchana kweupe. Aliniuliza kwa upole mume wangu yuko wapi.

"Amekufa," nilisema.

"Una hakika, binti yangu? Kuna yale maneno ya redio."

"Nina hakika. Kwa Mungu."

Nilikuwa nimeogopa swali hilo muda wote ule, na sasa jibu lake lilikuwa kweli tupu. Balozi akaandika, akanipa pole, akapokea mikate yake miwili ya mofa, akaenda zake kuuza mafuta ya taa. Hakurudi tena kwa jambo hilo.

Nikageuka. Kaka alikuwa amechutama mbele ya tanuri ya pili, anachokoa majivu kwa kijiti. Ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, zile hesabu za mkaa hazijafutika bado. Nilikaa karibu naye. Nilimwambia sasa nimemaliza eda zote mbili, ya uongo na ya kweli, anisimulie alivyokufa.

Alisema kulikuwa na ukungu, hakuna aliyeona kitu. Mahali pale mto unabana. Walisikia kipaza sauti kutoka kwenye mtumbwi, kikiwaita wapiganaji waliokuwa wakingoja kuvuka. Baadaye ukungu ulipoinuka, mtumbwi ulikuwa umeletwa na maji upande wetu.

"Alikuwa anasema nini?"

Kaka aliweka kijiti chini. Akaufungua mkono wake wa kulia, ule aliomshika nao mume wangu siku ya nikahi, akautazama.

"Aliita shemeji," alisema. "Askari wenzangu wote walikuwa pale, wanasikia. Sikumwacha amalize."